Eufrazia Kondo na Springi Iliyochoka

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda nasi hadi hapa Mkuyuni, tunayemlaza leo katika ardhi ya ukoo wa mama yake ni dada yangu, Eufrazia Kondo, binti wa tatu wa marehemu Mzee Kondo Paulo na marehemu Bibi Felista. Wengi mlimjua kama Mama Felista, kwa jina la binti yake mkubwa aliyerithi jina la bibi. Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962, katika kitongoji cha juu ya kijiji hiki, ambako ukungu hushuka hadi kwenye migomba na mtu humsikia jirani yake kabla ya kumwona. Baba yake alifariki mapema, akalelewa na mjomba wake kama ilivyo desturi yetu.

Alisoma Shule ya Msingi hapa Mkuyuni kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha sekondari mjini Morogoro hadi kidato cha nne mwaka 1980. Akiwa darasa la nne alifungua cherehani ya mama yake yote, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaifunga tena, lakini mkononi mwake ikabaki skrubu moja. Mama yake alikuwa na gauni la bibi harusi la kumalizia. Eufrazia alisimama kando akiwa ameificha skrubu ile mdomoni, na cherehani ikashona vizuri kuliko zamani. Alikuwa mtu wa namna hiyo: akishika chuma, alitaka kujua ndani yake kuna nini.

Mwaka 1981 aliingia Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka uliofuata akaajiriwa jeshini, ambako alifundishwa ufundi wa silaha. Tarehe 17 Septemba 1988 alifunga ndoa ya kanisani na Bwana Amosi Kobelo, mfanyakazi wa reli, wakafanya makazi yao Kingolwira, jirani na stesheni. Mungu aliwajalia watoto wawili, Felista na Paulo. Alistaafu jeshi mwaka 2005, na mwaka 2006 akaajiriwa na kampuni moja ya ulinzi mjini Morogoro kutunza ghala la silaha.

Sehemu inayofuata, sisi wa nyumbani tulitaka kuiruka. Marehemu aliagiza isirukwe.

Katika kampuni ile palikuwa na mlinzi aliyeitwa Hamza Said, mkazi wa Msamvu, mcheshi, aliyependwa na kila mtu. Mwaka 2011 alianguka na pikipiki, kifundo cha mkono wake wa kushoto kikavunjika na kuunga kombo. Aliendelea na kazi, akiuficha mkono ule mfukoni mbele ya wakubwa.

Mwezi Machi 2012 walinzi walipelekwa kwenye mazoezi ya shabaha. Eufrazia alikuwa amesimama nyuma yao, akisikiliza kama alivyozoea. Bastola ya Hamza ilikuwa na kishindo kikubwa kuliko nyingine. Kila alipofyatua, sehemu ya juu ilirudi nyuma kwa nguvu kama mlango uliosukumwa na upepo, na maganda ya risasi yakaruka mbali, yakaangukia nyuma kabisa ya wenzake. Eufrazia alijua maana yake. Ndani ya bastola kuna springi inayoipokea sehemu ile inaporudi nyuma, kisha inaisukuma mbele ifunge na risasi nyingine ikae mahali pake. Springi hiyo haikatiki kama uzi. Inachoka taratibu, na bastola fupi huichosha yake mapema zaidi kuliko ndefu. Siku inapokosa nguvu ya kusukuma, sehemu ya juu huishia njiani, na mwenye bastola hubaki ameshika chuma tu.

Waliporudi ghalani aliitoa springi ya Hamza, akailaza mezani ubavuni mwa mpya. Ya zamani ilikuwa fupi kwa zaidi ya upana wa kidole. Akaweka mpya, akaifunga bastola.

Kesho yake Hamza alikuja kuichukua. Springi mpya ni ngumu, na kuikoki bastola, yaani kuivuta nyuma ile sehemu ya juu, kunataka mikono miwili yenye nguvu. Alijaribu mbele ya Eufrazia, ikamshinda. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Kisha akaiweka mezani, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Mama Felista, nirudishie ile ya zamani. Ile naiweza. Wakiona mkono huu umenishinda, wananitoa kazini, na mwanangu Zuhura ndiyo kwanza kaanza shule."

Eufrazia alimwambia ile imekwisha. Hamza akasema imefanya kazi jana, watu wote wameona. Ni kweli, ilikuwa imefanya kazi. Hamza alimsihi ampe muda mdogo tu, mpaka mkono upate nguvu. Eufrazia aliutazama mkono ule, akamtazama na mwenyewe. Akafungua bastola, akatoa springi mpya, akarudisha ile iliyochoka. Hamza alimshukuru kwa kuinama, kama mtoto anayempa mkubwa shikamoo.

Haukupita mwezi. Tarehe 11 Aprili 2012, mchana, majambazi walivamia ghala la mazao ambalo Hamza alikuwa akililinda huko Msamvu. Mwenzake, Godfrey, aliyenusurika, ndiye aliyeeleza. Hamza alifyatua risasi moja na jambazi mmoja akalala chini kwa woga. Alipotaka kufyatua ya pili, bastola haikuitika. Sehemu ya juu ilikuwa imeishia njiani, haijafunga. Godfrey alimwona akiipiga kwa kiganja cha mkono ule mbovu, akiisukuma. Alikuwa bado anaisukuma walipompiga risasi. Alifariki njiani kupelekwa hospitali.

Uchunguzi ulisema silaha ilikwama. Hakuna aliyeuliza ilikwama kwa nini.

Tangu hapo nyumba ya Kingolwira haikuwa na utulivu. Mlango ukirudishwa nusu, marehemu aliinuka kwenda kuufunga hadi komeo ligonge. Droo ikibaki wazi kidogo, alikatiza mazungumzo. Shemeji Amosi alibadilisha bawaba zote akidhani tatizo ni mbao. Kisha marehemu akaanza kumwona Hamza. Si ndotoni; mchana, jua likiwaka, akiwa ghalani anapanga silaha, alimwona Hamza amesimama mlangoni ameshika kifundo cha mkono wake. Alituambia kwamba hasemi neno wala hatishi. Anangoja tu, kama mtu aliyekuja kuchukua kitu chake. Aliongea na padri, aliongea na daktari, akafuata waliyomwambia. Hamza hakuondoka.

Mwanaasha Yunusi, mjane wa Hamza, alipomaliza eda, marehemu alikwenda nyumbani kwake Msamvu. Alikaa kwenye mkeka, akaeleza yote bila kujitetea. Mwanaasha alisikiliza hadi mwisho.

"Siku ile alirudi anacheka," Mwanaasha alimwambia. "Akasema Mama Felista kanihurumia, nimebaki na kazi. Nikasimama kuswali, nikakuombea kwa jina lako. Sasa ile dua yangu niiweke wapi?"

Mwanaasha akamwomba atoke, asirudi mpaka aitwe. Hakuitwa kwa miaka mingi.

Marehemu hakuacha kazi. Alisema akiacha, atakuja mwingine mwenye huruma kama yake. Kuanzia mwaka ule, springi ikikaribia kipimo kilichowekwa na walioitengeneza silaha, aliibadilisha, hata kama bado inasukuma vizuri. Vijana waliomwuliza springi nzima itolewe ya nini, aliwajibu kwamba anayesubiri maganda yaruke mbali amekwisha kuchelewa. Aliyeshindwa kukoki hakupata bastola, hata akilia. Lakini alikwenda mwenyewe kwa wakubwa kumwombea lindo la getini lisilotaka silaha, na alikaa ofisini kwao hadi wakubali. Wengi hawakuyajua haya. Walimwita roho ngumu, naye akaliacha jina hilo likae.

Mwaka 2019 alistaafu kabisa. Juni 2022 alipata kiharusi kilichompoozesha upande wa kushoto, na mwaka jana figo zikaanza kushindwa. Mkono wake wa kushoto ulilala juu ya shuka, naye akawa anauangalia kwa muda mrefu. Aliporudishwa kutoka hospitali hadi nyumbani Kingolwira mwezi Novemba, alituambia Hamza sasa amesogea, yupo mlango wa chumbani.

Habari zilimfikia Mwanaasha. Alikuja bila kuitwa, amejitanda kanga, pamoja na Zuhura ambaye sasa anasomea ualimu. Felista alipomkaribisha, hakuuliza hali ya mgonjwa. Alivuta kiti, akaketi karibu na kitanda.

"Nimekuja unieleze alivyokuwa siku ile aliyokuja kwako," alisema. "Alivaa nini, alisimama vipi. Mimi nina sehemu ya jioni tu, ya mchana unayo wewe."

Marehemu alimweleza, kwa ulimi mzito, taratibu. Mwanaasha alirudi siku iliyofuata, na nyingine. Alimwogesha, akamnywesha uji. Hatukumsikia akitamka neno la msamaha, na marehemu hakuliomba.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Januari 2025, marehemu aliinua macho kuelekea mlangoni, akasema, "Amekuja." Sote tulitazama, hapakuwa na mtu. Mwanaasha peke yake ndiye aliyesimama. Alikwenda hadi mlangoni, akaongea pale palipo patupu, kwa sauti ambayo mke humwambia mumewe aliyechelewa kazini.

"Baba Zuhura, umengoja vya kutosha. Nenda nyumbani. Huyu nitakaa naye mimi."

Akarudi kitini, akaushika ule mkono uliopooza. Marehemu alifumba macho, na kabla jua halijawa kali alikuwa ametutoka.

Ameacha mume, Bwana Amosi Kobelo, watoto, Felista na Paulo, wajukuu wanne, na mdogo wake, Innocent, ambaye ndiye anayewasomea haya. Pia ameacha Mwanaasha Yunusi na binti yake Zuhura, ambao wameketi hapa pamoja na wafiwa kwa kutaka kwao wenyewe.

Mungu ampe Eufrazia utulivu alioukosa hapa duniani, na ampe Hamza vivyo hivyo. Walale kwa amani wote wawili.