Nani Kaondoka na Datsun ya Mjomba

Mbele ya duka la kahawa la Dada Huai, pale barabara ya soko la Kabin Buri inapokutana na ile iendayo mpakani, kuna benchi la mbao lililokaliwa na wapenda magari wa mji huu mpaka likaingia mabonde. Kahawa ya hapo huchujwa kwa soksi ya kitambaa, humiminwa juu ya maziwa ya kopo, na ukiimaliza unaletewa buli la chai ya Kichina bila malipo. Ndiyo maana hatuondoki. Kila akaaye hapo ana gari, na kila gari lina maradhi yake. Mzee Thongbai, mstaafu wa reli, ana Volkswagen iliyosukumwa kilomita nyingi kuliko ilizoendeshwa. Nguruwe, fundi wa injini, alipewa jina hilo na mama yake siku aliyozaliwa, na mwili ukatii. Pikapu yake ameishusha chini hata ikikuta tuta hurudi nyuma na kutafuta mtaa mwingine. Dada Huai mwenyewe hana gari, ana maoni. Na binamu yangu Chura ana Datsun, pikapu ile ya kizamani ambayo kwetu huitwa Tembo Kaikanyaga kwa sifa ya kutovunjika, aliyoachiwa na marehemu baba yake, mjomba wangu Bunlue. Kila asubuhi huiegesha mbele ya benchi. Asubuhi ninayoieleza alikuja kwa miguu, kandambili moja mkononi, imekatika kigwe.

— Imeibwa, akasema Chura.

— Kandambili? Nguruwe akauliza. Si hiyo unayo mkononi?

— Datsun! Nimeamka, uwanjani kuna doa la oili tu.

Mzee Thongbai akasogea kumpa nafasi.

— Pole, mwanangu. Kaa. Haraka haraka haina baraka.

— Mzee, mwizi anakimbilia mpakani saa hizi, wewe unaniambia haraka haina baraka?

— Namwambia mwizi.

Dada Huai akaweka glasi ya kahawa mbele yake bila kuulizwa.

— Polisi umewaambia?

— Nimewapigia simu. Wamesema wanatuma mtu hapa hapa.

Sote tuliijua siku yenyewe. Mkaza mjomba wangu, Mama Lamduan, alikuwa ndani ya treni ya Bangkok, anarudi nyumbani baada ya kutolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa miaka alikuwa haoni ila vivuli. Alipofunguliwa bandeji alimpigia mwanawe, akamwambia habari za wajukuu zitangoja. Anataka Datsun ya mumewe imsubiri stesheni, aione kabla ya kitu kingine chochote cha mji huu. Na treni hiyo huingia kabla ya adhuhuri.

— Nitamwambia nini mama? Chura akauliza.

— Mwambie iko gereji, akasema Dada Huai. Wala si uongo mkubwa. Miaka mitatu iko gereji, inakuja hapa kunywa kahawa tu.

— Dada, usinianze, Nguruwe akajitetea. Gari la kale si tambi za kuchemsha. Nilimwambia litakwisha mwezi ujao.

— Katika huo mwezi ujao wako, mtoto wa Chura ameanza chekechea na ameimaliza.

— Tuache hayo. Tufikirie mwizi. Nguruwe akavuta kigoda, akashusha sauti kama mtu mwenye siri ya serikali. Hawa ni watu wa magendo. Muda huu Datsun imefunikwa majani katikati ya shamba la mihogo, inangoja giza ivushwe. Ng'ambo wanazililia hizo. Chesisi yake huvunji hata ukitaka.

— Wameiwashaje? akauliza Mzee Thongbai.

Hapo Nguruwe akakwama, maana hakuna asiyejua ibada ya kuiwasha. Unavuta choki nusu, unakanyaga mafuta mara tatu, halafu mtu wa pili anashuka na kuigonga stata kwa spana.

— Basi wezi walikuwa wawili, akasema.

— Au mmoja, mwenye mkono mrefu, akasema Dada Huai.

— Na anayejua pa kugonga, akasema Chura, macho kwa Nguruwe.

— Unanitazama nini?

— Natazama tu.

— Wewe Chura, hebu tumia akili. Mimi nikitaka kuiba gari, niibe nililolitengeneza mwenyewe? Ninavyolijua lilivyo? Nitaiba la fundi mwingine!

Hoja hiyo ilikuwa nzito. Hata Chura aliinamisha kichwa kuikubali.

— Mnahangaika bure, akasema Mzee Thongbai. Ile haikuibwa. Imeondoka.

— Imeondoka vipi, mzee? Imechukua mizigo yake?

— Cheka. Gari lina bibi mlinzi wake, Mae Yanang, na bibi huyo akichukia hakai. Chura, lini mara ya mwisho umemtundikia shada la maua?

— Lipo shada kwenye kioo.

— La plastiki!

— Halinyauki, mzee.

— Bibi mzima unamvisha plastiki! Mimi mke wangu nilimpelekea maua ya plastiki mara moja tu, nikalala kwenye Volkswagen wiki nzima. Mali bila daftari hupotea bila habari.

— Daftari linaingiaje hapo? Dada Huai akauliza.

— Mae Yanang anaandika. Usimwone kimya. Anaandika kila kitu.

Nguruwe, ambaye kufumba na kufumbua alikuwa ameshawasahau watu wa magendo, akapiga paja.

— Ngoja! Injini ya ile Datsun nimeitoa kwenye Toyota iliyogonga ukuta. Giaboksi ni ya Isuzu. Mlango wa kulia umetoka skrepa, kwenye Datsun nyingine kabisa. Sasa mzee nijibu: mle ndani kuna Mae Yanang wangapi?

Mzee Thongbai akahesabu kwa vidole, na uso ukaanza kumbadilika.

— Wanne.

— Wanawake wanne, chumba kimoja, shada moja la plastiki! Wamegombana, jamani. Kila mmoja amevuta kipande chake. Chura, tusitafute Datsun. Tutafute injini njia ya Bangkok, giaboksi njia ya mpakani—

— Na mlango urudi skrepa, akamalizia Mzee. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Hiyo angalau imekaribia, akasema Dada Huai. Lakini mimi sijui mabibi wa rohoni. Namjua bibi wa nyumbani. Rampha alisema nini juzi?

Rampha ni mke wa Chura. Chura akakoroga kahawa isiyohitaji kukorogwa.

— Alisema nichague, yeye au Datsun.

— Ukachagua?

— Nilimwambia anipe mpaka mwezi ujao.

Benchi zima likaguna. Nguruwe akajaribu kufanya hesabu, Rampha na dada zake wawili, mmoja usukani, mmoja spana, wa tatu kulinda mbwa, na ilielekea kuwa hesabu nzuri mpaka Chura aliposema kwamba Rampha ndiye aliyempigia yowe la kumwamsha, na kwamba alilia kuliko yeye.

— Alilia? Dada Huai hakuamini.

— Ndani ya ile gari ndimo alimozalia mtoto wetu, dada. Tulikwama kwenye mafuriko. Anaitukana, lakini yeye ndiye mwenye haki ya kuitukana.

Nikaona glasi zimekauka na hakuna aliyeomba chai. Nguruwe ndiye asiyeweza kuvumilia kimya, basi akatoa hoja ambayo, ingekuwa siku nyingine, tungeicheka mpaka jioni.

— Mimi nasema mzee mwenyewe kaichukua.

— Mzee yupi?

— Mzee Bunlue. Kasikia mkewe anarudi. Kavuta choki, kakanyaga mara tatu, kampa malaika spana. Yuko stesheni sasa hivi, kanyoa ndevu.

Hakuna aliyecheka. Mzee Thongbai akanigeukia.

— Wewe ndiye mwenye kumbukumbu za ukoo. Sema. Angeweza?

Nikasema ninachokijua, wala si zaidi: kwamba katika maisha yake mjomba hakuwahi hata siku moja kuchelewa kumpokea mkewe stesheni. Chura alisimama, akaelekea barabarani, akatazama upande wa reli kwa muda, kisha akarudi kukaa. Nilijuta kusema.

Ndipo pikipiki ya polisi ilipoegeshwa kando ya benchi. Akashuka sajini kijana, mgeni mjini, kitambulisho kifuani kinasema Wirot, redio begani inakoroma. Alitusalimu kwa viganja vilivyokutana, Mzee kwanza, akakataa kahawa.

— Nani mwenye gari?

— Mimi, afande.

— Nina wenzangu kwenye kizuizi cha barabara, njia ya mpakani. Wameshajipanga. Nipeni namba.

— Elfu nne mia saba ishirini na tisa! tukajibu sote, pamoja na Dada Huai kutoka jikoni.

Sajini akatutazama.

— Ninyi nyote mnaijua?

— Tunaicheza, afande, akasema Nguruwe. Kila bahati nasibu.

— Imewahi kushinda?

— Mara moja. Ndiyo iliyonunua boneti.

— Vizuri. Ila namba wezi huing'oa kabla ya kutoka uani, haitusaidii. Akaishika redio, akaibonyeza. Jamani, kaeni tayari, nawapa maelezo. Ni Datsun pikapu ya zamani. Akamgeukia Chura. Rangi gani?

— Kijani, akasema Dada Huai.

— Kijivu, akasema Mzee Thongbai.

— Nyeusi, akasema Nguruwe.

Sajini akaachia kidude cha redio.

— Nauliza gari moja.

— Ni moja, akasema Dada Huai, ila mimi nikiwa jikoni naiona ubavu wa kushoto. Kushoto ni kijani.

— Na mimi nikikaa hapa naona wa kulia, akasema Mzee. Kulia ni rangi ya msingi, kijivu. Isipokuwa mlango.

— Mlango una nini?

— Mlango mwekundu. Wa skrepa.

— Boneti nyeusi, akasema Nguruwe. Afande, kazi bado inaendelea. Kijani kiliisha upande mmoja, kiwanda kikabadilisha mchanganyiko, sasa huwezi kupaka nusu nyingine kijani cha aina nyingine, litaonekana la kihuni. Mwezi ujao—

— Nyuma je?

— Nyuma kuna kibandiko, akasema Chura kwa sauti ndogo. Kimeandikwa, Gari Hili ni la Rangi ya Pinki.

Sajini hakushangaa hata kidogo. Kwetu, gari likiwa na rangi yenye nuksi kwa siku uliyozaliwa, hubandikwa maandishi kwamba ni la rangi nyingine, na nuksi inadanganyika.

— Umezaliwa Jumapili?

— Jumapili.

— Kibandiko nakielewa, hata hii pikipiki inacho, sisi wa Alhamisi hatupatani na nyeusi. Mimi nauliza gari lenyewe, kaka. Kadi inasema rangi gani?

— Kadi imo ndani ya gari.

Wote wakanigeukia tena. Nikasema kwamba mjomba aliinunua ikiwa bluu, bluu ya mbingu, mwaka ule mto ulipopanda hadi sokoni. Kwamba hakuipaka tena mpaka anakufa. Kwamba Chura alipoirithi mganga wa nyota alimwambia bluu ni nuksi ya waliozaliwa Jumapili, akaanza kwa kibandiko, akaona hakitoshi. Hayo yote ni kweli na nina tarehe zake. Nilipomaliza, sajini aliniuliza kwa adabu:

— Kwa hiyo ni ya rangi gani?

Nikamgeukia Chura.

— Mama anaijua ya bluu, akasema Chura. Aliyumba kidogo pale alipokaa, kama mtu aliyeona kitu ambacho miaka mitatu alikuwa akikipita. Afande, hajaiona tangu macho yalipofunga. Hatujamwambia. Leo ndiyo anakuja kuona bluu.

— Lakini si ya bluu.

— Si ya bluu.

Redio ikakoroma.

— Afande, foleni inakuwa ndefu huku. Tusimamishe ya rangi gani?

Sajini alimtazama Dada Huai, akamtazama Mzee, Nguruwe, mimi, na mwisho Chura, aliyekuwa ameinamia kandambili yake. Akabonyeza redio.

— Simamisheni zote.

— Zote? Nyeupe pia?

— Pikapu zote.

— Afande, mkuu wa kituo naye yuko kwenye foleni na pikapu yake. Naye?

— Yake ni ya rangi gani?

Tulisikia honi za mbali kutoka huko huko, kisha sauti ikarudi, imepungua ujasiri.

— Kibandiko kinasema ya njano, afande.

Sajini Wirot akaiweka redio juu ya meza, katikati ya glasi. Upande wa reli treni ikapiga king'ora. Chura akasimama, akaivua na ile kandambili nzima, akazishika zote mbili mkono mmoja, akashika njia ya stesheni peku. Nguruwe alimtazama akienda. Kisha akajiinua kwenye kigoda, akamfuata.