Siku Papa Haruna Aliponitoa Mbele ya Ng'ombe Wangu

Mheshimiwa Bourgmestre, mkuu wa komine yetu; Baba Padre, uliyetuazima ukumbi huu wa parokia; Bwana Imam, uliyekubali kuketi na watu wanaonuka mazizi; chifu wetu wa mtaa; ndugu wafugaji wa Likasi, na ninyi mliotoka Kapolowe na Mulungwishi; na wewe, Papa Haruna, mwenye sherehe: jambo yenu wote!

Mimi ni Mama Angèle, yule mama wa maziwa. Wafugaji wenzangu wamenituma nimuage Papa Haruna, mpiga picha wetu, ambaye macho yake yamechoka na leo anaiweka kamera chini. Waliponichagua walisema, "Mama Angèle iko na mudomo." Kweli ninao. Lakini leo mdomo huu umekuja kushukuru, kazi ambayo haujaizoea, kwa hiyo mnivumilie.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Nani anaijua methali hiyo kuliko Papa Haruna? Amepigwa mateke na ng'ombe zetu. Beberu wa Papa Isidore alimtupa kwenye tope akiwa na kanzu nyeupe ya Ijumaa. Bata mzinga wa masista alimfukuza mpaka barabarani, kamera ikimgonga tumboni. Usicheke, Papa Isidore, beberu ni wako! Yote hayo aliyavumilia, lakini sisi wenye miguu miwili ndio tuliomchosha zaidi.

Mnakumbuka alivyoanza. Zamani studio yake ilijaa maharusi na watoto wa komunyo. Simu zikaja, kila mtu akawa mpiga picha, kiti cha studio kikabaki na vumbi lake. Mwingine angefunga mlango na kulalamika. Yeye alibeba kamera akaja mazizini, akasema kila mnyama atapigwa picha uso, ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia, kwenye karatasi, na mhuri na tarehe nyuma yake, ili siku ya ubishi mwenye mnyama ajulikane.

Na sisi watu wa Katanga, tukisikia neno picha, tunafanya nini? Tunaoga. Tunavaa. Siku yangu ilipofika nilivaa kitenge kipya, kilemba juu, viatu vya kisigino ndani ya samadi, nikasimama mbele ya ng'ombe wangu Merci, mikono kiunoni. Nani kati yenu hakufanya hivyo? Papa Octave, si ulivaa suti na tai mbele ya nguruwe?

Papa Haruna akapaza sauti: "Mama, sogea pembeni! Minaona kitenge tu, ngombe iko wapi?"

"Ngombe ni yangu, foto ni yangu," nikamjibu, "nitasimama mahali napenda!"

Akanipiga hiyo picha kwa heshima zote. Kisha akanishika mkono, akanitoa mbele kama mtoto, akampiga Merci peke yake, huku na huku. Nilimtukana, jamani! Nilimwambia picha za ng'ombe bila mwenyewe ni za kupamba bucha, abaki nazo. Akacheka, akabaki nazo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Merci ndiye ng'ombe pekee aliyeniachia marehemu mume wangu Étienne. Na binti yangu Danielle alipotutoka, aliniacha na Plamedi, mjukuu wangu, akiwa bado wa kunyonya. Maziwa ya Merci ndiyo yaliyomshika mtoto yule duniani. Kwa hiyo asubuhi niliyokuta kamba imekatwa na zizi tupu, nililia nikiwa nimeshika kikombe cha mtoto mkononi.

Tulimtafuta njia ya Shinkolobwe, tukamtafuta njia ya Kapolowe, mpaka tukamkuta kwa mchinjaji mmoja, mzima, anangoja kisu. Merci aliponiona akalia. Mchinjaji hakuwa mtu mbaya; yeye naye alidanganywa, alikuwa amemnunua kwa mwizi mchana kweupe. Akaniambia, "Iyi ngombe ni yangu, mama. Weye iko na preuve gani, ushahidi gani?"

Tukafika mbele ya chifu wetu huyu huyu. Nikatoa picha yangu kwa majivuno. Chifu akaiangalia, akaigeuza, akaiangalia tena. Kitenge kipo. Kilemba kipo. Nyuma ya kiuno changu, pembe moja na ncha ya mkia! Watu wakaangua kicheko, na mchinjaji akasema, "Mama namutambua. Ngombe, hapana."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa naanza kumuaga Merci moyoni pale Papa Haruna, aliyekuwa amepata habari, alipoingia na baiskeli yake, jasho linamtoka, zile picha nilizozitukana ziko kifuani. Ubavu wa kushoto: doa jeupe kama chapati iliyong'atwa. Uso: sikio lililochanika. Nyuma, mhuri na tarehe ya zamani. Chifu akamsimamisha Merci karibu na picha, akalinganisha. Mchinjaji akafungua kamba kwa mkono wake mwenyewe: "Njo yeye, ile ya foto. Mama, peleka ngombe yako."

Papa Haruna hakunikumbusha tusi hata moja. Alisema tu, "Twende, mama. Mutoto anangoja maziwa."

Plamedi yule yuko pale mstari wa mbele, meno yote kamili, anamaliza biskuti za wageni. Papa Haruna, mtazame. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi sina neno linalotosha, mimi mwenye mdomo.

Wiki iliyopita tulitafuta picha yako tuibandike ukutani hapa. Tumepekua studio nzima: ng'ombe, mbuzi, nguruwe wa Papa Octave. Wewe humo hata katika moja. Ndiyo maana binti yako Chadia, anayeipokea kamera leo, amesimama pale mlangoni tayari.

Najua mmevaa. Suti nimeziona, na mimi nimevaa kitenge kile kile. Kila mtu anataka kusimama karibu naye, na atasimama, lakini baadaye. Picha za kwanza ni zake peke yake: uso, kushoto, kulia. Mheshimiwa Bourgmestre, nakuomba kwa heshima, hata wewe.

Papa Haruna, aksanti. Aksanti sana. Na ninyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa nipeni na miguu. Sogeeni pembeni, tumuone.