Kabati la Jiografia

Mugonile, wazazi wangu na walimu wenzangu. Mvua imetufukuza uwanjani, tumeingia humu kanisani, nami mmeniomba niseme habari ya vifaa vya Jiografia na Sayansi tangu vilipoanzia. Mmezoea kwamba anayesimama hapa mbele huanza na shida na kumalizia na furaha. Furaha yangu ni kidogo, nawaambia mapema msije mkaisubiri. Majina sitayataja.

Mnaikumbuka miaka ile ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Soko la Tukuyu lilijaa mitumba, redio za kila namna, sabuni za kunukia ambazo tulikuwa tumezisahau. Shuleni kwetu hakukuwa na ramani hata moja. Zile zilizokuwa zikiletwa na serikali zilichakaa zikaisha, tukaambiwa vifaa sasa ni juu ya wazazi wenyewe. Nyinyi mkakaa, mkaamua kila nyumba itoe mkungu wa ndizi. Lori likaenda nazo Mbeya, likarudi na ramani mbili za ukutani, sumaku, kipimajoto, kipimamvua cha bati, na tufe, ile dunia ya mviringo inayozunguka juu ya mguu wake. Kulikuwa na mama mmoja mjane ambaye shambani mwake mkungu uliokomaa ulikuwa mmoja tu. Aliubeba kichwani kutoka bondeni, akautua mbele yangu, akasema ni wa binti yake asome.

Mwalimu mkuu wa wakati ule alinikabidhi vitu vyote, kwa kuwa masomo hayo nilikuwa nafundisha mimi. Nikatia sahihi. Ndugu zangu, nawaambia, sisi walimu tulikiogopa kitu tulichokitilia sahihi kuliko nyoka. Kikivunjika, mkaguzi utamjibu nini? Nikatafuta kufuli, nikavifungia kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni. Watoto wa darasa la nne nikawaambia wataviona wakifika la saba, wakishapata akili ya kushika vitu. Wakifika la saba, nawaambia mtihani umekaribia, hakuna muda wa kuchezea vitu. Mkaguzi alipokuja mwaka wa kwanza nilimfungulia nusu ya mlango, akachungulia, akanisifu kwa utunzaji mzuri. Nilitembea wiki nzima kifua mbele.

Yule binti wa mjane alikuwa na swali moja. Mlima wetu unaonekana pale dirishani siku mvua ikituachia, naye alitaka kujua kama na wenyewe umo kwenye ile dunia. Nikamwambia asubiri darasa la saba. Aliniuliza akiwa la nne, akaniuliza la tano, akaniuliza la sita. Alipofika la saba hakuuliza tena.

Nami nilifundisha hivi: naandika ubaoni kwamba kipimamvua ni chombo cha kupimia kiasi cha mvua iliyonyesha, wao wanaitikia kwa pamoja. Huku mvua inapiga mabati mpaka sauti yangu mwenyewe siisikii, na kipimamvua kiko kabatini, kikavu. Sikuona kichekesho chochote. Mwaka ule hakuchaguliwa hata mtoto mmoja wa shule yetu kwenda sekondari. Yule binti akaenda kuchuma chai.

Kisha siku moja kwenye mkutano kama huu mkaomba mvione vitu vyenu. Miaka ilikuwa imepita, na mimi nilishaacha hata kulitazama lile kabati. Nikafungua mbele yenu. Mnaujua unyevu wa kwetu, viatu ukivisahau uvunguni vinaota kuvu. Lile tufe lilikuwa la karatasi ngumu. Lilikuwa limeota manyoya ya kijani, na nilipolishika liliporomoka mkononi mwangu, bahari na nchi zote zikaanguka sakafuni. Ramani panya walizifanyia matandiko. Sumaku ilikuwa donge la kutu, na kipimamvua kimetoboka. Kilichokuwa kizima ni kufuli.

Hakuna aliyenitukana. Laiti mngenitukana. Yule mjane alikuwa amekaa mbele, akasimama polepole, akasema, "Mwalimu, mimi ndizi nilitoa watoto wasome. Kama ni za kuoza, zingeozea kwangu." Akatoka, na wengine wakamfuata.

Niliacha kazi kwa kutokwenda tu. Asubuhi nilikuwa kwenye pombe ya kimpumu, mchana nimegeukia ukuta. Mke wangu aliwaambia watu naumwa malaria, lakini ni malaria gani ya kumaliza misimu miwili ya mahindi? Nikifumba macho nawaona watoto wale mmoja mmoja, wakiitikia kwa pamoja kitu ambacho sikuwahi kuwaonyesha. Nilitamani kufa, nalisema wazi mbele ya madhabahu hii. Kilichonizuia ni uvivu wa ulevi, wala si imani.

Siku moja mchana natoka kwenye pombe, mvua ikanikamata njiani. Nyumba ya karibu ilikuwa ya yule mjane. Ningekuwa na nguvu ningeipita. Nikajibanza chini ya upenu, na pale uani nikaona kopo la mafuta ya kupikia limewekwa juu ya jiwe, mahali pasipo na mti wala paa. Mvua ilipopungua, yule binti akarudi kutoka kwenye chai, kikapu mgongoni. Kabla hajakitua alichovya kijiti koponi, kijiti kimekatwa alama pembeni, akakisoma, akawaita wadogo zake waandike ukutani kwa mkaa. Ukuta wote ulikuwa na mvua za siku nyingi.

Nikamuuliza nani amemfundisha.

"Si wewe, Mwalimu?" akasema. "Ulisema ni chombo. Kopo nalo ni chombo."

Nililia pale pale, mtu mzima, nanuka pombe. Akaniletea kigoda nikae.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu mkuu mpya, nikaomba niruhusiwe hata kufagia. Akanirudisha darasani, Mungu ambariki. Nikang'oa mlango wa lile kabati, tukachora juu yake ramani ya dunia. Kopo likawekwa uwanjani. Mpira wa majani makavu ya mgomba tuliupaka udongo, tukaubandika magazeti kwa uji, na watoto wakachora nchi. Panya wanaupenda ule uji. Wakilila tufe, tunatengeneza lingine.

Tufe la kwanza nilimpelekea yule binti. Nikamwonyesha mlima wetu, nukta ya mkaa. Akafuta mikono iliyojaa utomvu wa chai, akalishika, akalizungusha mara moja, akanirudishia. "Darasa la saba nilishamaliza, Mwalimu," akasema. "Wape hao." Hakuwa na hasira. Hilo ndilo ninaloamka nalo kila siku, na sitegemei liondoke.

Namshukuru mke wangu aliyenidanganyia malaria. Nawashukuru nyinyi mlioniachia watoto wenu tena wakati mlikuwa na kila sababu ya kukataa. Somo langu ni hili tu: kitu cha mtoto kikiisha mikononi mwake, kimefanya kazi. Nyumbani mna makopo, mna vijiti, mna ukuta. Msiwaambie wasubiri.

Ufunguo bado ninauvaa, huu hapa. Watoto wakiniuliza unafungua nini, nawaambia ukweli.

Yule binti leo hayupo, mvua hizi chai inachipua na wachumaji hawapumziki. Lakini mama yake namwona pale nyuma. Mama, ndaga fijo, asante sana. Mvua ikikatika, darasa la nne watatoka kwenda kusoma kopo. Nakuomba usiondoke kabla hujawaona, uende ukamsimulie.