Nafasi Mbili za Apiyo

Benchi la Nyalenda lilikuwa ubao mmoja mrefu uliotoka karakana ya reli kwa njia ambayo hakuna aliyependa kuisimulia, ukalazwa juu ya mawe mbele ya kibanda cha Mama Seline, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda Dunga. Jua likipungua ukali, kahawa ya tangawizi ikiiva, wenye benchi walikuwa wameshakaa, kila mtu mahali pake. Kushoto alikaa Absalom, mkalimani mstaafu wa mahakama, ambaye watu walimwita Korti. Kulia alikaa Wakhisi, mtu wa Butere aliyemaliza ujana wake chini kabisa kwenye injini ya meli ya ziwa, hakukanyaga chumba cha nahodha hata siku moja, na kwa sababu hiyo hiyo wakamwita Kapteni. Katikati yao alikaa Nicodemus, aliyestaafu reli, na jina lake hapo lilikuwa Baba Pacha. Mbele yao, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, kama mshtakiwa aliyekataliwa dhamana, alikaa binti yake Lornah Apiyo. Kesi ilikuwa yake. Wiki ya tatu sasa, na alikuwa amechoka mpaka macho.

Apiyo alikuwa na pacha wake, Dorca Adongo. Walikuwa wamefanya mtihani wa mwisho wa sekondari siku moja, chumba kimoja, kisha wakakaa nyumbani zaidi ya mwaka wakisubiri kuitwa, kwa maana miaka hiyo vyuo vilifungwa na kufunguliwa kama duka la mtu mgonjwa. Apiyo akapata kibarua cha kufundisha shule ya msingi. Adongo akashuka Dunga kununua samaki kwenye mashua na kuwauza soko la Kibuye. Halafu majibu yakaja. Apiyo aliitwa na chuo cha serikali kule Eldoret kusomea ualimu, na akaitwa na chuo kingine huko Pune, India, kusomea sheria, ada na tiketi juu ya wafadhili wa kanisa. Adongo hakuitwa na mtu.

Mtu wa mahali pengine angesema basi, Apiyo achague moja, aache ya pili. Lakini Nicodemus hakuwa mtu wa mahali pengine. Tangu wale watoto wazaliwe kule Pap Onditi, ambako mama yao bado alilima, hakuna aliyethubutu kuingia bomani kwake na kitu kimoja. Gauni zilikuja mbili, kuku walikuja wawili, na shangazi mmoja aliyejisahau akaleta jozi moja ya viatu alirudishwa sokoni kabla hajapewa maji. Watu wa nyumbani walijua kwamba ukimpa pacha mmoja ukamnyima mwenzake, aliyenyimwa ataugua. Kwa hiyo Nicodemus alipoona vyuo viwili vimeita, hakuona msichana anayetakiwa kuchagua. Aliona vitu vimekuja viwili, kama inavyotakiwa.

— Nafasi ni mbili, watoto ni wawili, alisema, kwa sauti ya mtu aliyesema neno hilo mara nyingi na bado analipenda. Mimi sioni hesabu ngumu hapo.

— Baba, zote zimeandikwa jina langu.

— Na nani alikupa hilo jina?

Mpango wenyewe ulikuwa umezaliwa hapo hapo benchini, kati ya kikombe cha pili na cha tatu. Apiyo angekwenda India na kuwa wakili. Adongo angepanda Eldoret, aitwe Lornah Apiyo, aitike, asome ualimu. Sura ilikuwa moja, urefu mmoja, hata kovu la goti walikuwa nalo wote wawili kwa sababu walianguka kwenye baiskeli moja. Na ili isiwe mchezo wa maneno, Nicodemus alikuwa ameikunja fomu ya paspoti ya Apiyo, ile ambayo miaka hiyo ilitaka sahihi ya baba kwa msichana asiyeolewa, akaitia mfuko wa shati. Hataitia kalamu mpaka nafasi ya pili iwe na mtu. Na mchungaji wa kanisa lenye ufadhili alikuwa amesema anataka jibu ifikapo Jumapili. Bila jibu, ufadhili utakwenda kwa msichana wa parokia nyingine.

Apiyo alikuwa msemaji mkuu wa midahalo ya shule yao. Alikuwa amewaangusha wavulana wa shule kubwa kubwa, wengine wakishuka jukwaani wanatafuta miwani ambayo hawakuvaa. Lakini kule kulikuwa na kengele, na saa, na jaji. Hapa upande wa pili ndio ulikuwa jaji, na ndio ulionunua kahawa. Alikuwa amewauliza habari za picha ya kujiandikisha chuoni. Korti akamjibu kwamba picha itakuwa ya wote wawili, hata mpiga picha atakuwa amefanya kazi mara moja akahudumia watu wawili. Akawauliza habari za mwandiko. Hapo Kapteni akaingia.

— Mwandiko wa mtu unabadilika akienda mahali pa baridi, alisema. Eldoret kuna baridi, nyara, binti yangu. Vidole vinakauka. Hakuna lekcha atashangaa.

— Na kitambulisho? Kipande cha Adongo kimeandikwa Adongo.

— Chuo si polisi, alisema Korti.

Kisha Korti akaketi vizuri, akashusha kofia, na Apiyo akajua hadithi ya mahakamani inakuja. Ilikuja. Katika korti moja ya huko juu, ambayo hakutaka kuitaja, alimwona mtu akiitikia jina la nduguye tangu siku ya kwanza ya kesi mpaka hukumu, akafungwa, akamaliza kifungo, akatoka, akamshukuru karani. Sheria, alisema Korti, haijui sura ya mtu hata kidogo. Sheria inataka jina liitikiwe. Likiitikiwa, sheria inakaa chini inapumzika.

— Na hiyo ndiyo sheria unataka mimi nikaisomee, alisema Apiyo.

— Ndiyo. Si utakuwa ushaijua.

Wakacheka, si sana, maana joto lilikuwa bado limekaa barabarani na harufu ya magugu yaliyooza ziwani ilikuwa inapanda na upepo. Kapteni hakuridhika na mpango wa Korti, aliuona mdogo. Kwenye meli, alieleza, walikuwa na zamu. Huyu anatoka, yule anaingia, na injini haikuwahi kuuliza ni nani anaitia mafuta. Kwa nini watoto hawa wasipeane zamu? Mwaka huu Apiyo India na Adongo Eldoret, mwaka ujao wabadilishane. Mwisho wa safari kila mmoja atakuwa amesoma sheria na amesoma ualimu. Korti akahesabu kwa vidole, akatangaza kwamba kwa nafasi mbili tu familia itavuna digrii nne. Nicodemus akaipenda hiyo sana. Akaomba Kapteni airudie pole pole.

— Na mtihani wa mwaka wa pili atafanya nani, kama mwaka wa kwanza alisoma mwingine? aliuliza Apiyo.

— Si mtakuwa mmesimuliana, alisema baba yake. Nyinyi mlikaa tumbo moja miezi tisa, mtashindwa kusimuliana sheria?

Kilichomuudhi Apiyo hakikuwa upumbavu wa mpango. Upumbavu angeuvumilia, alikuwa amekulia karibu na benchi hilo. Kilichomuudhi ni kwamba kila hoja aliyoitoa ilipokewa kama msaada. Akionyesha shimo, wanalifukia, wanamshukuru, wanaendelea kujenga. Walikuwa wanaume watatu wasiowahi kuingia lango la chuo chochote, wakigawa maisha yake na ya mwenzake kama nyama ya kafara, na katika wiki hizo zote hakuna aliyemuuliza ni kwa nini anataka sheria. Angewaambia. Alikuwa na jibu zuri, lenye sehemu tatu.

Lakini uchovu una ujanja wake. Jioni ile, akitazama kijiko cha Mama Seline kikizunguka kwenye birika, Apiyo aliwaza juu ya Adongo. Walikuwa wakilala kitanda kimoja tangu utoto, na tangu vyuo viite, walikuwa wanazungumza habari za vitunguu na mafuta ya taa tu. Adongo aliamka kabla ya jogoo akashuka ziwani. Akirudi alinawa mikono kwa limau mara mbili, tatu, kabla ya kugusa shuka. Hakuwahi kulalamika. Apiyo alikuwa akijilaza upande wa ukutani, macho wazi, akijiona mwizi. Sasa hawa wazee, kwa wazimu wao, walikuwa angalau wanataka kumpa Adongo kitu. Yeye na hoja zake zote alikuwa anampa nini?

— Basi, alisema. Fanyeni mnavyotaka. Nipeni tu hiyo sahihi.

Hata wao hawakuwa wamezoea kushinda. Nicodemus akatoa fomu mfukoni, akaikunjua juu ya goti, akaanza kujipapasa akitafuta kalamu. Korti alikuwa nayo. Mkalimani hakosi kalamu.

Ndipo Adongo akatokea kwenye mteremko, karai kichwani, mgongo umenyooka, miguu imejaa vumbi la Dunga. Alikuwa na samaki wa mashua za jioni ambao wachuuzi wengine hawakuwataka, na alikuwa anawapeleka nyumbani kukaanga. Aliwasalimu wazee mmoja mmoja, akamsalimu Mama Seline, akageuka aende zake. Kapteni ndiye aliyemzuia. Furaha ilikuwa imemshika. Akamwambia akae asikie habari njema, nyara, wewe pia unaenda chuo. Akamweleza yote: Eldoret, jina, picha, baridi ya vidole, na zile zamu. Adongo alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika karai. Hakumtazama Apiyo.

Kapteni alipomaliza, Adongo akaliteremsha karai, akaliweka chini taratibu.

— Nimeelewa, alisema. Apiyo mmoja yuko India, Apiyo mwingine yuko Eldoret. Na Adongo, watu wakiuliza, mtasema alienda wapi?

— Tutasema ameolewa, alisema Korti upesi.

— Na nani?

Korti akamtazama Kapteni.

— Ama tuseme yuko Nairobi kwa jamaa, alisema Kapteni.

— Miaka minne? Na Krismasi nikija nyumbani, amekuja nani? Adongo alikuwa anauliza bila ukali, kama mtu anayeuliza bei. Nikimaliza nitakuwa mwalimu Apiyo. Kipande changu nitakificha wapi? Nikiolewa ataolewa Apiyo. Huyu naye akirudi ni Apiyo. Sitaki ugomvi, baba. Nataka tu kujua mtawajibu nini. Mama akiuliza kule Pap Onditi, Adongo wangu yuko wapi, mtamwambia nini?

Kila mtu pale, hata Kapteni ambaye kwao ni Butere, alijua kuna jibu moja tu ambalo likitolewa watu huacha kuuliza aliko mtu, na hakuna mzazi wa mapacha anayeruhusu jibu hilo lipite karibu na mlango wake, hata kwa mzaha. Nicodemus alikuwa ameshika kalamu ya Korti. Akaishusha gotini, juu ya fomu. Tangu wazaliwe, baba huyu alikuwa akilinda asitokee pacha mmoja akapungukiwa. Wiki tatu alikuwa amekaa kwenye ubao huu, akinywa kahawa, akipanga jinsi ya kumfuta mmoja.

Apiyo naye alikuwa ametoka tu kukubali. Wiki tatu za picha na mwandiko na kipande, na swali hili dogo halikumjia.

— Adongo, alisema, mimi nilikuwa…

— Najua, alisema Adongo. Wewe ulikuwa umechoka. Sasa unaenda wapi?

Lilikuwa swali lenyewe, lile la mwanzo kabisa, na kwa mara ya kwanza aliulizwa mwenye kesi.

— India. Nataka sheria.

— Basi nenda India.

— Na ile ya Eldoret? aliuliza Nicodemus. Sauti ilikuwa imemwisha nusu. Tuitupe tu hivi?

— Haitupwi, baba. Kuna mtoto wa mtu ameketi mahali hajaitwa, kama mimi. Akiikataa huyu, ataitwa yule. Adongo akavuta pumzi. Kama hakuna mtu wa kwetu kwenye hiyo nafasi, si kuna mtu wa kwao?

Nicodemus akaiweka fomu juu ya ubao, akainama, akatia sahihi. Aliandika jina lake polepole, herufi kubwa kubwa za mtu wa reli, akampa Apiyo bila kumtazama. Kisha akamgeukia Adongo, na ilionekana wazi kwamba hakuwa amejiandaa.

— Na wewe, je? Wewe unataka nini?

Adongo akaangalia samaki wake.

— Uniulize kesho, baba. Leo sina nguvu ya kutaka kitu.

Korti alichukua kalamu yake akaipangusa kwa shati, ingawa haikuwa chafu. Kapteni akasema kitu juu ya mvua. Mama Seline akainamisha birika. Kilichotoka kilikuwa machicha.

Karai lilikuwa na masikio mawili. Apiyo akashika moja, Adongo akashika la pili, wakaanza kupanda na barabara, karai likiyumba kati yao, maji ya samaki yakiwadondokea miguuni wote wawili. Walikuwa wamefika karibu na kona ya kinyozi, mahali ambapo mtu wa nyuma haoni tena nani ni nani, Apiyo aliposikia baba yake akiita kutoka benchini.

— Adongo.

Apiyo aliendelea kutazama mbele. Mwenzake ndiye aliyegeuka.

— Naam, baba?

Nicodemus alikuwa amesimama.

— Hapana kitu, alisema. Nendeni.