Kapya Apima Mapasa wa Juu

Kijiwe cha Mado hakikuwa cha watu wanyonge. Benchi lake lilikuwa mti wa reli, ule mzito wa kulaliwa na chuma, umepandishwa juu ya mawe mawili kwenye pembe ya barabara katika cité ya wafanyakazi, Élisabethville. Mbele yake mbabula, jiko la makaa, juu ya mbabula birika la kahawa, na nyuma ya birika Mado mwenyewe, mama aliyeweza kumnyamazisha polisi kwa kijiko. Jumapili moja ya mwaka wa hamsini na mbili, baada ya Misa, Kapya alifika na shati jeupe, kofia upande. Kapya hakumaliza shule; kwa maelezo yake, shule ndiyo iliyochoka kwanza. Kila jambo alikuwa na neno lake. Lakini siku hiyo neno lilikuwa la mwingine. Chileshe, mujomba wa Germaine, msichana aliyemposa Kapya, alikuwa ametoka Pweto kuja kusema ndiyo au hapana juu ya ndoa, na katika ukoo ule neno la mujomba linapita la baba. Mzee alikaa mwisho wa benchi, kikombe mkononi. Lori lake la kurudia lilikuwa linaondoka mchana uleule.

— Mujomba, kahawa iko muzuri? aliuliza Kapya.

— Mujomba wa nani?

Kijiwe kilicheka. Aliyecheka kupita wote ni Godefroid, jina la kijiweni Fulu, yaani tanuru, kwa sababu alifanya kazi kwenye tanuru la shaba, na mwili wake ulikuwa tanuru la pili.

— Baba Chileshe iko na haki, alisema Fulu. Bantu banasema huyu Kapya iko mutumbula. Kila usiku anatoka na taa. Anafuata ule Padri mwenye bomba murefu.

Mutumbula! Hakuna mtoto wa mji ule asiyelijua neno hilo: mtu wa giza anayekamata watu kwa ajili ya Wazungu, na aliyekamatwa harudi. Nani atamwoza mpwa wake kwa mutumbula?

— Ile bomba ni ya kuvuta bantu, alieleza Antoine, mwembamba kama mshumaa, aliyeitwa Katekisi maana alifundisha dini na hakujua kuacha kufundisha. Unaingia huku muntu, unatokea kule nguruwe.

— Weye umeona? aliuliza Mado.

— Mama, lisemwalo lipo.

Kapya aliisukuma kofia nyuma.

— Bamasikini! Sikieni muntu wa kazi. Ile bomba ni ya kuangalia nyota. Padri anaangalia, mie nashika saa. Akisema «Sasa!», nataja dakika. Bila mie, Padri anaona giza tu.

Kwamba usiku mwingine alisinzia na saa mkononi, hilo halikuwa neno la Jumapili.

— Nyota iko na kazi gani ya kuangaliwa? aliuliza Fulu.

— Voyons, Fulu! Haina nyota moja. Kwa macho unaona moja, kumbe iko mapasa, bawili ba tumbo moja. Mijitu mikubwa! Ukiweka jua letu karibu yao, unaona punje ya muhindi. Banazungukana. Mumoja akipita nyuma ya mwenzake, mwangaza unapungua. Sisi tunapima unapungua namna gani, muda gani. Njo vile tunajua unene wao.

— Mafahali wawili hawakai zizi moja, alisema Katekisi.

— Zizi lao ni mbingu, Katekisi. Nafasi iko.

— Na mukishajua unene? aliuliza Mado. Mutawashonea nguo?

— Mama Mado, sikia. Wakubwa wa Ulaya banasema nyota inazaliwa, inakomaa, inazeeka. Nani ameona? Maisha ya muntu haitoshi. Lakini mapasa bamezaliwa pamoja, umri wao ni ule ule. Padri anasema: mwenye uzito sana njo anazeeka mbele ya mwenzake. Donc tunawapima mapasa, tuone kama maneno ya Ulaya iko kweli ao uongo.

— Hiyo hata mie ningewaambia bila bomba, alisema Fulu. Tanuru kubwa ukiliwashia moto mukali linakula makala kupita ukubwa wake. Linazimika mbele.

— Alors weye utatutangulia, alisema Katekisi kwa furaha. Haraka haraka haina baraka. Na mie nawaambia kintu kingine: jua letu nalo lilikuwa pasa. Mwenzake alianguka. Alianguka wapi? Hapa! Shaba ya Katanga imetoka wapi, kama haikutoka kwake?

Fulu aliweka kikombe chini. Jambo hilo lilimgusa.

— Kumbe kila siku nayeyusha ndugu ya jua? Njo maana jua ya hapa iko kali! Linachungulia tanuru, linamutafuta mwenzake.

— Haya, alisema Mado. Unene nimeelewa. Na uzito? Mizani munaitundika wapi?

Kapya alikuwa akilingoja swali hilo kama mwali anavyongoja ngoma. Aliruka.

— Fulu, simama. Katekisi, simama. Shikaneni mikono. Zungukeni!

Walizunguka. Fulu aligeuka palepale alipo, kama jiwe la kusagia. Katekisi aliruka hewani, viatu vikaenda njia yao, suruali ikapepea, akaita watakatifu aliowajua na wengine aliowatunga. Vumbi lilifunika kahawa.

— Munaona! Kapya alipiga makofi. Mwenye uzito anazunguka kidogo, mwepesi anatupwa mbali. Nimebapima bila mizani! Na juu ni vile vile. Mapasa tumewapima: muzito tunamujua, mwepesi tunamujua!

Watu walicheka mpaka machozi. Chileshe hakucheka. Mado alimwona, akaziba mdomo kwa mkono. Kapya naye akakumbuka, akiwa amechelewa, jambo aliloambiwa na Germaine: mujomba wake alizaliwa pasa. Na kwao mapasa hupewa kitambaa kimoja, fungu moja, neno moja. Haisemwi nani mzito. Anayesemwa hukasirika, akarudi alikotoka kabla ya kuzaliwa.

— Umewapima, alisema Chileshe.

— Baba, ni nyota tu…

— Mie na Kunda, mama alitubeba pamoja, huyu mbele, huyu mugongoni. Chakula sawasawa. Siku moja muntu akacheka: Kunda iko muzito kupita mwenzake. Mvua ya kwanza, Kunda akaenda.

Makaa yalilia kwenye mbabula. Fulu alikaa taratibu, kama anayeogopa uzito wake.

— Nakuuliza, mutoto. Ule muzito akizeeka, akazimika, ule mwingine atazunguka nani?

— Sema Mungu anajua, alinong'ona Katekisi.

— Sema atazunguka jua, alinong'ona Fulu.

Kapya alifungua mdomo. Majibu alikuwa nayo, hata matatu, yote ya uongo mtamu. Kisha akauona mkono wa kushoto wa mzee, umekaa wazi juu ya mti wa reli, kama unamtunzia mtu nafasi.

— Sijui, baba. Padri akisema «Sasa!», mie naangalia saa. Sikumuulizaka.

Mado aliinamisha birika. Yalitoka masimbi ya kahawa tu. Kule njia ya soko lori lilipiga honi, likapiga tena. Chileshe aliinuka, akajipangusa suruali.

— Ule Padri, leo anaangalia?

— Kama mawingu haiko.

— Lori liende. Nitamuuliza mwenyewe.

Akavuka barabara bila kuaga, kuelekea kwa mama yake Germaine. Katikati ya njia akageuka.

— Mukwe! Unangoja nani? Chakula kinapoa.

Kapya alitazama nyuma yake amwone anayeitwa. Mado akamsukuma mgongoni kwa mikono miwili.

— Weye, mupumbafu! Ni weye!