Nyuzi Nyekundu Ndani ya Feni

Ndugu zangu wa kanisa hili, naona wengine mmekunja uso kabla sijafungua mdomo. Mna haki. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mkasirike.

Mimi ni fundi wa malori hapa Kitui. Mwaka juzi mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe kutoka Tseikuru aliniletea lori ambalo feni yake haina mkanda. Wacha nieleze polepole, kina mama pia mnielewe. Feni huvuta hewa ipoze maji ya rejeta, injini isichemke. Zile tulizozoea huzungushwa na mkanda. Hii huzungushwa na oili: pampu inaisukuma kwa nguvu ndani ya mabomba ya mpira, inafika kwenye feni, feni inazunguka. Oili yenyewe lazima iwe safi kama maji ya kumpa mtoto.

Niliikuta imepungua. Sasa, kwetu nani humwaga oili iliyotumika? Tunapaka nguzo, mchwa wasizile. Nikachukua ile ya mtungi wangu, nikaichuja kwa leso kuukuu ya mke wangu, nikajaza. Nikajiona mjanja.

Wiki haikuisha. Lori likipanda milima ya Mbooni na ng'ombe, injini ikachemka mpaka ikaharibika. Mwenye lori akaja gereji akimfokea dereva wake.

"Ulilala kwa usukani? Maji uliyanywa wewe?"

"Mzee, maji yalijaa. Feni ndiyo ilisimama."

"Fundi, ni kweli?"

Nikasema, "Feni niliiacha ikizunguka vizuri. Muulize huyo."

Dereva akanitazama. "Fundi, na tunakaa benchi moja kanisani?"

Akafukuzwa hapo hapo. Sokoni wakamwita Birika, eti kazi yake ni kuchemsha. Nami nilicheka nao.

Kisha nikapewa kazi ya kuifungua feni ile. Ndani, kitundu cha kupitishia oili kilikuwa kimezibwa na nyuzi nyekundu. Rangi ya leso. Hakuna mwingine aliyeziona. Nilizifunga kwa karatasi, nikatembea nazo mfukoni. Jumapili dereva alinigeuzia mgongo, nami nazishika tu.

Mke wangu ndiye aliyezipata akifua. "Hii si leso yangu?" Nikamweleza. Akasema, "Basi vaa viatu."

Nilizipeleka Tseikuru. Mwenye lori alinitukana mpaka akakohoa, akanikataza kugusa gari lake tena. Lakini dereva alirudishwa kazini. Nilipomwendea kuomba msamaha, hakunyoosha mkono.

"Nyuzi umerudisha," akasema. "Na jina langu?"

Ndiyo sababu nimesimama leo. Ndugu zangu, nawaambia: yule mnayemwita Birika alijaza maji. Alisema kweli tangu mwanzo, na mimi nilidanganya. Asiitwe hivyo tena.

Namshukuru mke wangu, na mwenye lori aliyekubali kumrudisha mtu kazini hali amekasirika. Mafundi wenzangu, feni ya namna hiyo itiwe oili mpya. Na kosa lako liseme siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajalibeba.

Nawe ndugu uliyeketi pale mlangoni, sikuombi mkono. Nashukuru hujatoka nje.