Nusu ya Boneti

BINTI: Haloo? Naongea na nani huko?

FUNDI: Mzee Tochi! Subiri nizime mashine— ehe. Siku nne hushiki simu, mzee wangu. Nikasema huyu keshanunua ndege, gari kaniachia mimi—

BINTI: Siyo yeye.

FUNDI: —haya, nani mwenzangu?

BINTI: Binti yake. Nimekuta umepiga mara kumi na moja. Kakuandika "Fundi Rangi".

FUNDI: Ndiye mimi, dada. Hebu mpe simu. Mwambie nusu ya boneti nimeshaing'arisha, nimebandika utepe katikati, aje na tochi yake aone tofau—

BINTI: Amefariki.

FUNDI: [mtandao unakoroma] Haloo? Umesemaje?

BINTI: Umesikia. Jumanne asubuhi. Tumemzika jana.

FUNDI: Nimesikia. Poleni, dada. Poleni sana. Na mimi naropoka habari za ndege.

BINTI: Haina neno. Wiki nzima watu wananishika bega tu. Wananitazama usoni kama wanasubiri basi.

FUNDI: Wanasubiri nini?

BINTI: Nilie. Mimi naosha vikombe. Gari liko wapi?

FUNDI: Humu bandani. Upande mmoja wa boneti unaweza kunyolea ndevu. Upande wa pili bado mikwaruzo, utadhani paka walichezea ngoma. Nikikaza, jioni nimemaliza, nawaletea mpaka mlango—

BINTI: Usilimalize.

FUNDI: Ati?

BINTI: Baba mdogo anakuja kulichukua. Eti gari la kaka yake haliwezi kubaki kwa wanawake. Na ufunguo wa akiba anao. Mama aliuza cherehani zake tatu, fundi, ndipo gari likanunuliwa. Barua ya mahakama ya kuzuia gari lisichukuliwe, mama anaipata Jumatatu. Leo Ijumaa. Likitoka hapo leo, hatulioni tena.

FUNDI: Nimfungie geti?

BINTI: Atalivunja. Mwambie tu bado unang'arisha.

FUNDI: Mpaka Jumatatu? Dada, mashine hii kila ikipita inakula rangi kidogo. Ile rangi ya juu ni nyembamba kama karatasi. Nikiipiga siku tatu natokea kwenye bati. Mama atakabidhiwa sufuria.

BINTI: Basi usiipige.

FUNDI: Nisipoipiga ataona mikono mitupu, atasema, leta gari— Ngoja.

BINTI: Nini?

FUNDI: Magurudumu. Wengine tunayavua, tunasafisha ndani. Gari likiwa juu ya mawe, huo ufunguo wa akiba atafungulia nini? Kopo la sukari?

BINTI: Yavue.

FUNDI: Nakuweka spika, niweke jeki. [chuma kinagonga sakafu] Unanisikia?

BINTI: Nakusikia. Baba angesema unavuta kazi.

FUNDI: Angesema, halafu angenimulika usoni! Kila akileta gari anaomba kiti, anakaa hapo mlangoni mchana kweupe na tochi yake. Namwambia, mzee, jua lote hili halikutoshi? Anacheka mpaka anakohoa. Mzee yule kwa maneno—

BINTI: Baba?

FUNDI: Eh.

BINTI: Nyumbani alikuwa haongei.

FUNDI: [nati zinaanguka] ...La kwanza hilo, limetoka.

BINTI: Haya.

FUNDI: Dada. Kuna pikipiki imesimama getini. Mtu mzima, mfupi, kavaa koti la kahawia, mikono imemzidi—

BINTI: Mifuko ina vishikizo vyeusi?

FUNDI: Ndiyo.

BINTI: La baba hilo. Toa spika. Usikate.

FUNDI: Sawa— shikamoo, mzee! Karibu. Ndilo, ndilo hilo. Hapana, mzee, leo halitembei, si unaona halina mguu? Jumatatu. Hata ukinitukana ni Jumatatu, mzee. [nyayo sakafuni]

BINTI: Fundi? Anafanya nini?

FUNDI: [kwa sauti ya chini] Hafanyi kitu. Ameenda kwenye boneti. Anapapasa ule upande unaong'aa. Anajitazama.

BINTI: Anajitazama?

FUNDI: Na lile koti. Sasa kaegemeza kichwa— dada, analia.

BINTI: Analia?

FUNDI: Kwa sauti. Husikii?

BINTI: Nasikia. Mpe maji.

FUNDI: Na gari?

BINTI: Mpe maji, mpe na kiti. Halafu vua yale matatu yaliyobaki.

FUNDI: Mbele yake?

BINTI: Mbele yake. Naitwa huku. Kwaheri, fun—